Nafasi ya Majina

Taichung,
Jumapili asubuhi

Kaka yangu mpendwa Chin-hai,

Nakusalimu kwa heshima zote, mimi mdogo wako uliyekuwa ukinibeba mgongoni barabara ya shule ikijaa maji. Natumaini barua hii itakukuta umepata usingizi bila sindano, na kwamba homa iliyokuwa ikikupanda jioni imekuacha. Wifi Hsiu-chu ameniambia mkono wa kushoto umeipokea ngozi ya kupandikizwa vizuri, ila wa kulia madaktari bado wanautazama. Ameniambia pia kwamba supu ya sangara unainywa nusu bakuli kisha unasema inatosha. Kaka, tafadhali inywe yote. Mama anakwenda sokoni alfajiri kukuchagulia samaki aliye hai, kwa ajili ya vidonda vyako, na bakuli likirudi na kitu ndani anakaa kwenye kiti cha jikoni akilitazama. Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye hajambo, magoti tu ndiyo yanamsumbua kwa hii mvua.

Wifi, najua ni wewe unayeisoma barua hii kwa sauti, maana kaka hawezi kushika karatasi. Nakushukuru kwa yote unayofanya hapo wodini. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata akikwambia uache.

Kaka, ninaandika kwa sababu kila nilipokuja hospitali uligeukia ukutani. Nilidhani una hasira nami kwa kuwa ninakula mshahara wa wale watu wa kiwandani. Wifi ndiye aliyenifuata mpaka kwenye lifti akanieleza kwamba ni aibu tu, si hasira. Kwamba unaamini wenzako wa zamu, Mzee Lo na Sung, wamekufa kwa uzembe wako, na kwamba ulimwambia heri ungebaki nao mle ndani. Nilishuka na lifti nikashindwa kutoka, nikapanda nayo tena. Ndipo nikajua kwamba lazima nikueleze jinsi nilivyoipata kazi ile. Hukuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kusema.

Unakumbuka nilivyokuwa mwezi wa nne nilipokuja kufagia kaburi la baba. Nilikuwa nimemaliza miaka sita kwa wakala wa matangazo kule Taipei. Asubuhi naandikia dawa ya meno, mchana naandikia benki, jioni naandikia mgombea udiwani ambaye hata sura yake siijui. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana. Tulikuwa bado hatujachoma ubani simu ikalia, mteja anataka neno moja litolewe kwenye tangazo la sabuni, na mimi nikasimama kati ya makaburi nikilitetea neno lile. Ukaniambia, "Hebu zima hicho kidude, we mtoto. Baba mwenyewe anakuonea haya." Wote tukacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya ukuta nikalia.

Siku ile ile mezani ndipo uliponiambia nirudi nyumbani. Ulikuwa unanikunjia chapati nyembamba ya mboga kama unavyonikunjia tangu utotoni, karanga nyingi bila giligilani. Ulisema kiwandani kwenu wanatafuta mwandishi wa kitengo cha mawasiliano. Nitakuwa na bosi mmoja badala ya ishirini. Jioni nitavua kitambulisho shingoni niende kula kama binadamu. "Unga ni unga," ulisema. "Hauna siri. Utaandika kwamba ni mweupe, basi."

Niliomba kazi mbili, kaka. Moja kiwandani kwenu. Nyingine kwa wakala mdogo hapa hapa Taichung, kwa sababu nilikuwa naogopa kuweka mayai yote katika kapu moja.

Wakala ndio walioniita kwanza. Mwenye ofisi ni mama mmoja wa makamo, Bi Shen, anavaa kandambili ofisini na sauti yake ni nzito kama ya mvuta sigara. Hakuniuliza nina malengo gani ya miaka mitano. Alisoma kazi zangu moja moja, huku nyuma yake mfanyakazi mmoja amelala juu ya meza, shavu kwenye karatasi. Kisha akaniuliza, "Wewe umechoka, au umechoshwa?" Nikamjibu kwamba sijui tofauti yake. Akasema aliyechoka hulala akaamka mzima, lakini aliyechoshwa hata akilala wiki haamki. Nikapenda kwamba hakunidanganya. Alisema kwake nitachoka, hilo ananiahidi.

Nilipomwambia kwamba pia nimeitwa kwenye usaili wa kiwanda, hakununa. Alisema sisi wa wakala ni wapishi wa kukodiwa: harusi ikiharibika tunabeba sufuria zetu tunaondoka, lakini mpishi wa nyumbani anakula alichokipika. Nikamwambia hicho ndicho ninachokitafuta, kukijua ninachokipika. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya. Ila mpishi wa nyumbani hachagui cha kupika." Kesho yake akanipa kazi, na akanipa muda wa kufikiri.

Kiwandani kwenu niliitwa wiki iliyofuata. Nilivaa ile suti ya kijivu ya wifi. Chumba kilikuwa na baridi nzuri na chai, na wasaili walikuwa watatu. Bwana Pao wa utumishi ndiye aliyefungua. Aliuliza kama nina mpango wa kuolewa karibuni, akauliza kama kweli mimi ni ndugu yake Tu Chin-hai, msimamizi wa zamu ya kwanza. Niliposema ndiyo, alicheka akasema, basi si mvivu, damu haidanganyi. Nilijisikia fahari, kaka. Wa pili alikuwa Meneja Yen wa kitengo chenyewe, mwanamke mwenye sauti ya upole anayekuinamia unapozungumza kana kwamba ni wewe tu duniani. Wa tatu alikuwa Injinia Fang wa usalama, yule mrefu mwenye miwani. Sikuelewa mtu wa usalama anatafuta nini kwenye usaili wa mwandishi. Hakuuliza swali hata moja. Alikuwa anaifuta miwani yake, anaivaa, anaivua, anaifuta tena.

Waliniuliza maswali ya kawaida. Kwa nini umeacha wakala, udhaifu wako ni nini, mteja akikukasirikia utafanyaje. Niliyajibu kama mtu anayesoma ubao. Kisha Meneja Yen akasema ipo kazi moja ya kuandika, niifanye hapo hapo, chumba cha jirani, na karatasi zote nizirudishe nikimaliza.

Sasa nisikilize vizuri, kaka. Wifi, soma polepole hapa.

Kazi yenyewe ilikuwa hadithi. Iliandikwa hivi: katika kiwanda kimoja cha unga, kifyonza vumbi cha chumba cha kuchekechea unga kiliharibika wakati wa baridi na hakikutengenezwa, kwa sababu kusimamisha mtambo kungechelewesha oda. Vumbi la unga likajaa katika mabomba ya juu. Siku moja beringi inayozungusha mhimili wa mashine ikapata moto, ikatoa cheche, vumbi likashika na chumba kikalipuka. Wafanyakazi kadhaa wamefariki na wengine wameungua. Waandishi wa habari wako getini. Andika maneno atakayosoma mkurugenzi: yaguse moyo, yasikubali kosa, yasitaje kifyonza vumbi.

Nilirudi chumba cha usaili na karatasi ile mkononi kabla sijaandika chochote. Nikamuuliza Meneja Yen kama kifyonza hicho kipo kweli. Akatabasamu akasema, "Huu ni mtihani tu, Pei-ling. Ingekuwa kweli tungempa mgeni?" Injinia Fang alikuwa ameiinamia meza. Nikarudi, nikaandika.

Niliandika vizuri. Miaka sita nilikuwa nimeandikia sabuni na benki, hakuna aliyewahi kuniomba nimwandikie mtu aliyekufa. Nilimfikiria baba, nilifikiria mlango wetu asubuhi ile alipotoka asirudi tena, na maneno yakaja yenyewe. Niliandika: "Leo hatuna cha kujitetea. Hawa walitoka majumbani mwao asubuhi ili sisi sote tupate kula, na jioni meza zao ziliandaliwa bure. Hatuombi kusamehewa. Tunaomba kuruhusiwa kulia pamoja nanyi." Hapo kati, kwa kuwa mtihani haukutaja waliokufa ni nani, nikaacha nafasi ya majina.

Meneja Yen alisoma mbele yangu. Macho yake yalilowa, sikosei. Akamsukumia Bwana Pao. Injinia Fang hakuipokea.

Jumapili iliyofuata nilikuja kwenu kula. Ulikuwa unakohoa. Wifi akakuuliza dawa umekunywa, nawe ukajibu kwamba hakuna dawa ya unga. Kwamba kifyonza kimelala tangu baridi, umewaambia mdomo umechoka, wamekwambia mfagie kwa mafagio mpaka oda ya Japani iishe. Ulisema hivyo huku unamtoa samaki mfupa ili uniwekee mimi nyama. Nami nilikuwa na vijiti vya kulia mkononi, na vile vijiti vikasimama hewani.

Nilielewa, kaka. Ningependa nikwambie kwamba sikuelewa mpaka baadaye, lakini nilielewa pale pale, mezani kwako. Nikajiambia viwanda vyote vina vifyonza vibovu. Nikajiambia wakiwa wamelifikiria kiasi cha kulitungia mtihani, basi wanalishughulikia. Jibu la kazi lilikuwa bado halijatoka. Nikala yule samaki.

Simu ya kiwandani ilikuja siku mbili baadaye. Nikampigia Bi Shen kumwambia nimechagua kiwanda. Akanitakia heri, akakata.

Miezi yangu ya mwanzo unaijua. Niliandika kwamba unga ni mweupe. Mara nyingine nilikuona kantini ukiwa na Mzee Lo na Sung, nyusi zenu nyeupe kama wazee wa kwenye tamthilia, na Mzee Lo akinitania mbele ya watu, "Dada wa ofisini, leo umetuandikia nini? Umesema sisi ni wazuri?" Nikamjibu nimesema unga ni mzuri, wapishi sijui. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kila nilipotaka kuuliza habari ya kifyonza nilikuwa nasubiri nizoeleke kwanza. Mgeni hapigi kelele.

Siku ya mlipuko nilikuwa ghorofa ya tatu. Madirisha yaliingia ndani. Wewe unajua yaliyokuwa chini, mimi nisiyaseme. Nilikimbia hadi geti la ndani, nikakuona wanakutoa, mikono umeinyoosha mbele kama mtu aliyebeba nguo za kuanika. Ulirudi mara mbili kumtafuta Sung. Kila mtu pale nje alikuona ukirudi. Hayo nayo nataka uyasikie yakisomwa, kwa sababu wewe mwenyewe umeyasahau.

Jioni ile nilikuwa na mama kwenye korido ya chumba cha dharura, televisheni iko ukutani. Mkurugenzi akatokea, akainama mpaka mgongo ukalala, akaanza kusoma. "Leo hatuna cha kujitetea." Nilidhani ni kichwa changu. Akaendelea: majumbani mwao asubuhi, meza zilizoandaliwa bure. Alipofika pale kati akasoma, "Lo Tien-fu. Sung Chih-hung." Walikuwa wameyajaza majina, basi. Hawakubadilisha hata nukta.

Watu wa korido walikuwa wanafuta machozi. Mama akanishika mkono akasema, "Angalau wana moyo hawa. Aliyeandika haya ana utu." Mimi nikamwambia mama nakwenda msalani.

Hilo ndilo nililolificha, kaka. Ni mimi niliyeandika rambirambi za Mzee Lo na Sung, huku wenyewe wako hai wanakula kantini. Na walionipa kazi hiyo walikuwa wanajua chumba ni kipi, kifyonza ni kipi, na kitatokea nini.

Nilimtafuta Injinia Fang baada ya mazishi. Nilimkuta kwenye maegesho, amekaa ndani ya gari bila kuwasha. Aliniambia mtihani ule ulikuwa ripoti yake. Aliiandika kuonya, akaomba mtambo usimamishwe wiki moja tu. Juu wakamjibu asubiri, kisha wakampa Meneja Yen ripoti hiyo hiyo ili ajiandae na maneno, ikiwa lolote litatokea. Meneja akaona njia rahisi ni kuifanya mtihani. Injinia aliletwa chumbani ili ahakikishe wasailiwa hawaandiki kosa la kitaalamu. Nilimwomba aje tuseme pamoja mbele ya mwendesha mashtaka. Akavua miwani. Akasema ana mabinti wawili chuoni na mke mgonjwa, na kwamba ikiwa nitamtaja atakana. Sina chuki naye. Nilipomtazama nilijiona mwenyewe.

Wiki ile ile Meneja Yen aliniita. Alinimiminia chai kwa mkono wake. Alisema uchunguzi unakwenda upande mbaya na kampuni inahitaji taarifa ya pili, yenye kueleza kwamba usafi wa chumba ulikuwa jukumu la msimamizi wa zamu. Jina halitatajwa. Nilimwambia msimamizi wa zamu ni kaka yangu. Akaushika mkono wangu na sauti yake ile, akasema, "Ndiyo maana nataka uandike wewe. Mwingine atamwandikia kwa ukali. Wewe utamwandikia kwa huruma."

Nilivua kitambulisho nikakiweka kando ya kikombe. Sikusema neno la ushujaa. Alichoniambia nikiwa mlangoni ni kwamba anaelewa nimechoka.

Nilikwenda kwa Bi Shen, maana sikuwa na pengine. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kampuni ya unga imempigia simu kumpa kazi ya taarifa ya pili, na ameshaipokea. Ana watu tisa wa kuwalipa. Alisema yeye hataandika uongo, ataandika tu alichoambiwa na mteja. Alinipa chai pia. Nimekunywa chai nyingi sana mwaka huu, kaka.

Basi nimekwenda peke yangu. Alhamisi nilikaa mbele ya mwendesha mashtaka nikasema kila neno nililokuandikia hapa, pamoja na yale ya samaki. Aliniuliza karatasi ya mtihani iko wapi. Nikamwambia waliichukua. Akaniuliza nani shahidi. Nikamwambia hakuna atakayekubali. Alifunga kalamu yake akasema ameandika, na kwamba nisitegemee mengi, kwa sababu wakili wa kampuni atasema mimi ni dada anayemwokoa kaka. Anaweza kuwa sahihi. Huenda kesi hii ikafa.

Lakini kuna jambo moja liko mikononi mwako, ingawa umefungwa bendeji. Jumatano Bwana Pao atakuja hapo wodini, Bi Shen ndiye aliyeniambia. Atakuja na matunda, na maneno mazuri ambayo mimi sikuyaandika ila nayajua, na waraka. Waraka unasema kwamba kampuni itagharamia matibabu yako yote mpaka upone, nawe unakubali kwamba vumbi lilikuwa dhamana yako. Anajua huwezi kushika kalamu. Atamwomba wifi alete muhuri wako wa jina, augonge kwa niaba yako badala ya saini.

Najua utataka kukubali. Si kwa ajili ya matibabu, unataka kuadhibiwa. Kaka, uliwaambia mdomo ukachoka. Anayejua ni mimi, na wao wanajua zaidi. Ukigonga muhuri ule, Mzee Lo na Sung watakuwa wameuawa na rafiki yao, na hivyo ndivyo watoto wao watakavyoambiwa maisha yao yote.

Sijui tutalipaje hospitali. Nitatafuta kazi yoyote, hata ya kuosha vyombo. Usaili sitaufanya tena kwa muda. Ukiamua kutonisamehe kwa kile nilichokula mezani kwako nikanyamaza, ni haki yako, na sitakuja mpaka uniite. Nichukie mimi. Wao usiwape muhuri. Wifi, uchukue muhuri leo, umpelekee mama.

Mama anakusalimu na anasema kesho ataleta uji wa viazi vitamu. Hajui habari za barua hii. Nitamweleza mwenyewe jioni ya leo. Wasalimie wagonjwa wenzako wa chumba hicho, hasa yule babu wa kitanda cha dirishani anayekufungulia redio. Nakuombea ngozi ishike.

Ni mimi mdogo wako,

Tu Pei-ling